Kidude Kilichojua Kwao

Wazee wetu walipotaka kumfunza mtu dunia, walimwonyesha chombo cha baharini. Mwenda tezi na omo, walimwambia, marejeo ni ngamani. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele yake, na ngama ni pale chini katikati. Baharia atazunguka huku na huko apendavyo, lakini mwisho hushuka pale pale. Basi na mwanadamu ni hivyo hivyo: atatangatanga atakavyo, ila hatima yake hurudi kwao. Wapo wanaoibeza methali hii siku hizi kwa kuwa wana ndege na simu. Mimi nitawasimulia habari ya Badawi wa Pate na kidude chake, kisha wabeze wakipenda.

Badawi alikuwa mwendeshaji wa bodaboda. Aliwachukua abiria walioshuka gatini Mtangawanda, akawasambaza Pate, Siyu na Faza. Alikuwa mchapakazi, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kukasirika. Aliishi mjini Pate pamoja na mama yake, Bi Ruba, mjane aliyehamia kwake kutoka Siyu baada ya kufiwa na mumewe. Nyumba ya Siyu ilibaki imefungwa. Paa lake la makuti lilikuwa limeanza kubonyea, na popo walikuwa wamejifanya wenye nyumba.

Bi Ruba alikuwa na mtoto mwingine, Jaafar, kaka mkubwa wa Badawi. Miaka kumi na mmoja iliyopita, Jaafar alikwenda Doha kuendesha teksi. Siku ya kuondoka aliapa mbele ya mtaa mzima kwamba baada ya miaka miwili angerudi kuijenga upya nyumba ya baba yake. Miwili ikazaa minne, minne ikazaa minane. Baba akafa, Jaafar hakuja kuzika. Simu zake zikapungua mpaka zikawa za Idi tu, salamu mbili tatu na kuagana. Bi Ruba hakumlaumu hata kwa neno moja, lakini hamu ya mwanawe ilimkaa kifuani mpaka chakula kikamwisha ladha. Kila jioni Badawi aliporudi, kabla hajavua viatu, mama alimwuliza, "Wameshuka watu gani yeo?"

Badawi alijua vyema kwamba mama hakuwa akiuliza watu. Alikuwa akiuliza mtu mmoja.

Hatimaye subira ilimwisha Badawi. Jirani yao wa zamani kule Siyu, Bwana Abdulghafur, fundi mashuhuri wa viatu vya ngozi, alikuwa akiitaka ile nyumba ili aipanue karakana yake. "Mama, asiyekuwapo na lake halipo," Badawi alisema. "Jaafar ametusahau. Tuiuze nyumba kabla haijaanguka ikaua mbuzi wa watu." Bi Ruba alikataa mwaka mzima, akakataa na wa pili. Mwaka wa tatu alichoka, kama mtu anavyochoka kushikilia mlango unaosukumwa na upepo. Wakapatana kwamba nyumba itauzwa siku ya Ijumaa, baada ya Swala, mbele ya mashahidi.

Jumatatu ya wiki hiyo hiyo, abiria mmoja aliyetoka Doha alimkabidhi Badawi mfuko. Ndani mlikuwa na mtandio wa mama, na kidude cheusi chenye kioo, ukubwa wake kama mkate wa boflo uliokatwa nusu. Kilikuwa GPS, kile kifaa cha kuwaonyesha njia madereva wa magari. Juu yake palibandikwa karatasi: "Cha Badawi, cha pikipiki." Hapakuwa na neno jingine.

Wenzake wa gatini walicheka mpaka wakashika mbavu. "Pate ina ndia ngapi hata upotee?" mmoja alimwuliza. Badawi alitabasamu nusu na kununa nusu. Miaka kumi na mmoja, kisha kaka analeta kiongoza njia kwenye kisiwa ambacho hata punda wanajua njia zake! Lakini kitu cha bure kina utamu wake, akaona afadhali akifunge, apate kuwatambia wenzake.

Kukifunga hakukuwa lelemama. Kidude kilikuja na kikombe cha mpira cha kunatia kwenye kioo cha gari, na pikipiki haina kioo cha mbele. Badawi alikinatia juu ya tangi la petroli, kikaanguka kwenye shimo la kwanza. Akakifunga kwenye usukani kwa vipande vya mpira wa tairi, kikatikisika kama mgonjwa wa homa. Mwishowe alikwenda Siyu kwa Bwana Abdulghafur, akamshonea mfuko wa ngozi nene wenye dirisha la kuonea kioo na mikanda minne ya kukazia kwenye usukani. Ngozi ya Siyu ikishika, imeshika. Kidude kikatulia tuli.

Ikabaki habari ya umeme. Waya wake ulikuwa na plagi nene ya kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara ndani ya gari. Badawi alinunua tundu kama hilo Lamu, akaliunga moja kwa moja kwenye betri, bila kupitia kwenye swichi ya ufunguo. Kidude kiliwaka, naye akafurahi. Ila hakikuwa kikizimika. Asubuhi ya Jumatano betri ilikuwa imekauka. Honi haikulia, taa haikuwaka, na abiria wake wakachukuliwa na wale wale waliomcheka.

Aliisukuma pikipiki mpaka kwa Shekhan, fundi wa pikipiki wa pale Pate, huku hasira zimempanda.

"Likate hili liplagi," alisema, na koleo la fundi keshalishika. "Unga waya zake kwenye betri moja kwa moja, tumalize balaa."

Shekhan alimpokonya koleo mkononi. "Una wazimu, Badawi? Betri yako hutoa volti kumi na mbili, na hiki hutaka tano tu. Kinachopunguza kimo humu ndani ya plagi. Ukiikata, utakiunguza na kila kilichowekwa ndani yake."

"Kimewekwa nini cha maana? Ramani za Waarabu!"

Maneno hayo yalikuwa kweli. Barabara zote zilizokuwa ndani yake zilikuwa za Arabuni. Hapa Pate kioo kilionyesha uwanja mtupu na mshale mdogo katikati, kana kwamba kisiwa hakikupata kuumbwa. Hata hivyo Shekhan aliliunga tundu kwenye waya unaopata umeme ufunguo ukiwashwa tu, akatia fyuzi, akamrudishia. Fundi mwema huokoa asichokijua.

Jioni ile Badawi alikaa barazani juu ya pikipiki yake, akaanza kutafuta mahali pa kufuta vituo vya kaka yake vilivyohifadhiwa humo. Kulikuwa na hoteli, hospitali, uwanja wa ndege, na picha ya kijumba. Bi Ruba alitoka na mtandio wake mpya begani.

"Wafanyani?"

"Nafuta takataka za Jaafar, mama."

"Kabla hukufuta," alisema Bi Ruba kwa sauti ndogo, "nionyesha mwanangu hulala wapi. Nami niyue."

Badawi aliona haya. Alijua kwamba kile kijumba ni alama ya nyumbani, akadhani kitaonyesha chumba cha Jaafar kule Doha, maelfu ya kilomita ng'ambo ya bahari. Akakibonyeza. Mstari mmoja mnyoofu ukachorwa kwenye uwanja mtupu, na chini yake pakaandikwa kilomita nane kasoro. Badawi akabonyeza tena. Nane kasoro. Aliugeuza usukani huku na huku, mstari ukawa unaelekeza upande ule ule. Ulielekeza Siyu.

Mama hakungoja kuelezwa. "Ndoo, nipakia," alisema, akimtaka aje ampakie saa ile ile.

"Kesho, mama. Jua linakuchwa."

Usiku ule Bi Ruba hakula. Alhamisi asubuhi alipanda nyuma ya pikipiki, akamshika mwanawe kiunoni, wakaufuata ule mstari. Njia ilipinda, mstari haukupinda. Wao walikwenda na njia, na kilomita zikapungua. Siyu walipita mbele ya karakana ya Bwana Abdulghafur, ambaye aliinua macho kutoka kwenye kiatu alichokuwa akishona. Mbele ya mlango wa nyumba yao kuukuu, sauti ya mwanamke ikatoka ndani ya mfuko wa ngozi, ikatamka kwa Kiarabu kwamba wamewasili.

Bi Ruba alikuwa amesomesha chuo cha Kurani miaka mingi, Kiarabu hakikumpita. Aliutazama mlango uliokauka, akakitazama kidude. "Wewe umewasili," akakiambia. "Nimngojaye yeye bado." Kisha akaketi kwenye baraza iliyojaa vumbi, akalia waziwazi, kilio alichokizuia siku ya mazishi ya mumewe.

Badawi alimpigia kaka yake simu pale pale. "Kidude chako kimetuleta Siyu. Kwa nini?"

"Kwa hivyo kimefika?" aliuliza Jaafar. "Nilikitia nambari za ramani za mahali ilipo nyumba yetu mwaka wa kwanza. Kila nikimaliza zamu nilikibonyeza kinipeleke nyumbani, nacho kila siku kiliniambia hakioni njia. Kila siku, Badawi, miaka kumi na mmoja. Waajiri walipotupatia magari mapya yenye vidude vyake, nikasema, mimi sifiki. Angalau chenyewe kifike."

Badawi alikumbuka koleo lililokuwa mkononi mwake jana, akaukaza mkanda wa mfuko wa ngozi. Bi Ruba akaichukua simu.

"Rudi, mwanangu."

"Nitarudi na uso gani, mama? Niliahidi nyumba. Sikumzika baba. Sina kitu."

"Rudi na uso niliokuzaa nao," alisema Bi Ruba. "Mwingine siutaki."

Simu ikakatika, na hakuna aliyejua kama ilikatika yenyewe au ilikatwa. Hapo Bwana Abdulghafur, aliyekuwa amesogea na kiatu chake mkononi, alikohoa kidogo. Badawi alimtazama kwa aibu, kwa maana Ijumaa ilikuwa kesho. "Bi Ruba," fundi yule alisema, "mimi nilitaka nyumba tupu. Hii ina mtu. Sinunui." Akarudi zake kazini.

Ndani ya mwezi ule Badawi na Shekhan walitoa makuti mabovu na kuezeka mapya. Bi Ruba alirudi Siyu, ingawa Jaafar hakuwa ameahidi chochote. Badawi akawa kila apitapo na abiria hukibonyeza kile kijumba, kidude kikatangaza mlangoni kuwa wamewasili, na mama kutoka jikoni hujibu, "Wewe umewasili. Nimngojaye yeye bado." Wapita njia walicheka. Yeye alicheka pamoja nao, kisha akageuza uso.

Shaabani ilipokaribia kwisha, abiria mmoja alishuka Mtangawanda na begi moja dogo. Nywele zake zilikuwa zimeanza kuota mvi. Badawi alimtazama kama anayetazama picha iliyofifia, kisha akaiacha pikipiki ianguke, akamkumbatia. Hawakusemezana mengi, maana kila mmoja aliona aibu ya machozi ya mwenzake. Jaafar alipanda nyuma, akanyoosha mkono juu ya bega la ndugu yake, akakibonyeza kijumba yeye mwenyewe. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, kikampa njia.

Mbele ya mlango wa Siyu, sauti ya Kiarabu ikatangaza. Bi Ruba alikuwa jikoni akipepeta mchele. Hakuinua hata kichwa.

"Wewe umewasili," alijibu. "Nimngojaye yeye bado."

Kisha sauti ya mwanamume, nzito na yenye kutetemeka, ikasema mlangoni, "Hodi, mama."

Ungo ukaanguka, mchele ukatawanyika sakafuni. Bi Ruba alikuja mbio kama msichana, akasimama kizingitini, akautazama ule uso kipande kwa kipande mpaka akaridhika kwamba ndio ule ule. Akamshika mkono, akamvuta ndani.

"Mwenye nyumba habishi hodi," alisema.

Kweli, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.