Blanketi la Pentekoste

Hapo zamani, usiku, watu wote wamelala na ukungu umeshuka mpaka vizingitini, kilisikika kikohozi. Si cha mtu mzima. Cha mtoto mdogo, kile cha kubweka, kho, kho, kho, halafu kimya, halafu ile pumzi inayovutwa kwa shida kama mlango wenye bawaba mbovu. Mnaokijua mnakijua. Mimi nakijua, nimekisikia jana tu, tena kitandani kwangu, ndiyo maana nasimulia mbiombio. Mwanangu amelala sasa, baba yake nimemtuma dawa tangu asubuhi, na mtoto akiamka kabla sijamaliza nitawaachia hadithi katikati. Basi sikilizeni, jirani zangu.

Ilikuwa huko Utaita, juu milimani, enzi zile wamisionari ndio kwanza wamefika. Kanisa lilikuwa la udongo, paa la nyasi, na waumini wote walitosha mabenchi machache. Mmisionari mwenyewe aliitwa Bwana Templa, mkewe Bibi Templa. Aliyekohoa ni Samba, binti wa Saru, na Saru alikuwa mwanamke wa kwanza kubatizwa pale kilimani. Hakuacha mtu asahau.

Ilikuwa Kwaresima. Saru akambeba mtoto hadi kwa wamisionari, analia njia nzima.

"Bibi, mwanangu anaondoka! Fanya kitu!"

Bibi Templa akachemsha maji, akamfukiza mtoto kwa mvuke, akampaka mafuta kifuani. Alipoishiwa na vya kufanya akafanya kile walichofanya wamisionari wote wakiishiwa. Akaketi kuandika barua.

Maana wale watu, jamani, walikuwa wanaandika! Mvua ikinyesha, barua. Mvua isiponyesha, barua. Nyoka kaingia jikoni, barua, na nyoka wa kwenye barua ni mrefu kuliko yule wa jikoni. Si kwamba walipenda tu kuandika. Huko kwao Uingereza kulikuwa na kina mama wa kanisa moja, chama cha kushona, kila wiki wanakutana kwa chai na sindano, na hao ndio waliotuma misumari, vitabu, kengele, hata kioo cha dirisha ambacho kilifika kikiwa unga. Kina mama wakipata barua, waliomba na kutuma. Wasipopata barua, walinyamaza. Wakinyamaza, misumari ilikwisha.

Basi Bibi Templa akaandika: Mwombeeni Samba, binti wa Saru, anakufa kwa kikohozi.

Barua akapewa Mwaluma, mchukuzi wa misheni, aiteremshe milima, avuke nyika, aifikishe pwani kwenye meli. Mwaluma alikuwa na miguu ya swala. Tatizo alikuwa na masikio pia, na masikio yale yakisikia ngoma, miguu husimama.

Mwaluma hajafika hata mbali, kikohozi cha Samba kikaondoka chenyewe, kama mgeni aliyechoka kungoja chakula. Mtoto akanyonya, akacheka, akamvuta Bibi Templa miwani.

Saru akapiga kelele, "Mrudisheni Mwaluma! Barua imekuwa ya uongo!"

Bwana Templa akacheka. "Mwache aende, mama Samba. Maombi hayaozi."

Yakumbukeni maneno hayo. Yeye mwenyewe alikuja kuyajutia.

Huko njiani Mwaluma akasikia ngoma. Harusi ya binamu yake! Akaingia kusalimu tu. Akacheza ngoma, halafu akabaki kusaidia kula viporo, halafu akabaki kuwapatanisha waliogombania viporo. Alipofika pwani meli alikuwa anaiona, lakini anaiona mgongo. Akakaa chini, akangoja nyingine. Ile nyingine nayo haikuwa na haraka.

Pasaka ikafika, Samba anatembea. Ikaja Pentekoste, na Pentekoste ile hakuna aliyeisahau pale kilimani, kwa sababu mbili.

Ya kwanza: katikati ya ibada Samba alikutwa chini ya meza ya Bwana, amekula ndizi za sadaka, na nyingine ameikalia. Saru alimchapa mbele ya kanisa zima, na kanisa zima likaona kilivyonona kile alichokuwa anakichapa.

Ya pili: Mkawasi. Mkawasi alikuwa jirani wa Saru, mjane, bado yuko darasa la ubatizo, anakaa benchi la nyuma karibu na mlango. Mwanawe Nyambu, kitoto cha kunyonya, alishikwa na kikohozi kilekile wiki ile. Hakuna aliyemwandikia Nyambu barua. Bibi Templa alikuwa kitandani na homa, na Mkawasi hakuwa mtu wa kupiga kelele njiani. Jumapili ile mtoto akaanza kugeuka rangi mikononi mwake. Mkawasi akatoka nje, ati asiwaharibie wimbo waliokuwa wanaujaribu kabla ya ibada. Nje, kengele ya kwanza inalia, Nyambu akanyamaza. Kabisa. Mkawasi akamwinamisha, akampigapiga mgongo, akamwita jina. Ninyi mmezaa, sina haja ya kuwaeleza. Halafu mtoto akatapika kohozi moja kubwa, akavuta pumzi, akalia kilio kilichowapotezea sauti waimbaji wote mle ndani.

Kilio kitamu kuliko hicho sijui kama kipo.

Msimu wa baridi ukaingia, ile baridi ya Utaita ya ukungu mchana kutwa, na siku moja Mwaluma akapanda kilima na furushi kichwani. Watu wakajaa kanisani. Bwana Templa akafungua barua, akasoma kwa sauti, imetoka kwa Bi Agata, mkubwa wa kile chama cha kushona.

"Barua yenu imetufikia imechelewa mno, tumelia. Jumapili ya Pentekoste, kengele ya kwanza, tumepiga magoti wote, vijana kwa wazee, hatukuinuka mpaka mioyo yetu ikatulia. Tunaamini mtoto amepona. Hili blanketi ni la mtoto huyo tuliyemwombea akapona. Tuandikieni kwamba amelivaa."

Kanisa likasema, "Hiii!"

Na blanketi likafunguliwa. Mabibi! Blanketi la viraka, kila kiraka na nguo yake. Hapa koti la askari, hapa pazia, hapa gauni la harusi, hapa suruali ya marehemu wa mtu. Zito, laini, linanuka kafuri. Mtoto akifunikwa hilo, ukungu unabisha hodi na kurudi ulikotoka. Pale kilimani watoto walilala kwenye ngozi ya mbuzi, na Nyambu bado alikuwa mifupa mitupu.

Saru akanyoosha mikono. "Asanteni. Nipeni."

"Ngoja kidogo, mama Samba," akasema Mkawasi kutoka benchi la nyuma.

Watu wakageuka. Mkawasi? Anaongea?

"Ningoje nini? Jina limeandikwa! Samba, binti wa Saru. Wale kina mama magoti yaliwauma kwa jina la nani? La mwanangu. Walilia kwa ajili ya nani? Mwanangu. Mimi ndiye niliyelia njia nzima mpaka barua ikaandikwa."

"Jina lilikuwa la mwanao, sikatai. Kikohozi siku ile kilikuwa cha nani?"

Saru hakushusha mikono. Mkawasi akaendelea.

"Siku ya Pentekoste Samba alikuwa na ugonjwa gani? Wa ndizi?"

Kanisa likaangua kicheko. Hata Bibi Templa akaficha mdomo.

Mkawasi akasimama, mtoto mgongoni. "Kengele ya kwanza, wamesema. Kengele ya kwanza mimi nilikuwa pale nje, na mwanangu hapumui. Mungu ameletewa maombi ya mtoto anayekohoa kilima hiki. Anatazama chini. Huyu ameshiba ndizi zake mwenyewe Mungu, huyu amegeuka rangi. Mwasemaje? Aanze kutafuta jina juu ya bahasha?"

"Kumbe mwanao ameponea maombi ya mwanangu!" Saru akadaka. "Basi unayakiri! Nilipe!"

"Nilipe nini, na mahindi ya nyumba yako yote natwanga mimi?"

"Unatwanga huku unaonja!"

Hapo Mwaluma akakohoa kile kikohozi cha mtu anayetaka kusikilizwa.

"Wewe nyamaza, mtu wa ngoma!" wakamwambia wote wawili pamoja.

"Ninyamaze? Naomba kuuliza tu. Kama ningewahi meli ya kwanza, maombi yangefanyika lini? Siku za Pasaka. Pasaka ni mtoto gani alikuwa anakohoa hapa? Hayupo. Yangemwangukia nani, kuku? Aliyeyachelewesha mpaka yakamkuta Nyambu ni nani? Mkawasi, mwanao hakuponea magoti ya wazungu tu, ameponea na ngoma ya binamu yangu."

"Ulijua kwamba Nyambu angeugua?" akauliza Bibi Templa.

"Sikujua, Bibi. Lakini hata wale kina mama hawakujua."

Bibi Templa akaipokea barua kwa mumewe, akaanza kuikunja.

"Na mke wangu Mghoi mnamwona alivyo," Mwaluma akaendelea, "huyo mtoto atazaliwa kwenye baridi hii hii. Sisemi zaidi."

Bwana Templa akasugua paji la uso. Halafu akatabasamu, akachukua mkasi. "Basi tulikate vipande vitatu. Kila mmoja..."

"LISIKATWE!" wakapiga kelele Saru, Mkawasi na Mwaluma, wote mara moja, hakuna aliyemtangulia mwenzake hata kwa herufi.

Kosa lake mwenyewe. Habari ya mfalme Sulemani na wale wanawake wawili aliwahubiria Jumapili iliyopita tu, tena kwa kirefu.

Akaweka mkasi chini, aibu tupu. Ndipo Bibi Templa, aliyekuwa anaikunja ile barua, akaona maandishi upande wa nyuma. Akasoma kimya kwanza. Halafu akawasomea.

"Kiraka cheupe cha katikati ni gauni la binti yangu Luisa. Alichukuliwa na kikohozi hicho hicho kabla hajatembea. Yeye tulimwombea pia. Nipeni jina la mtoto huyu aliyepona, nipate kulidarizi kando ya jina la Luisa kwenye kitambaa cha kanisa, nami nitajua kwamba safari hii tumesikiwa."

Saru mwenyewe alikitazama kile kiraka cheupe, akashusha mikono aliyokuwa ameinyoosha. Mkawasi akamzungusha Nyambu kutoka mgongoni, akamweka kifuani.

Sasa tazameni mtego aliokuwa nao Bwana Templa. Mwaluma anasubiri na mkoba, safari hii ameapa hatasikia ngoma. Jina ni moja tu, blanketi ni moja, na mtoto ambaye jina lake litaandikwa ndiye atakayelala na joto. Akiandika Samba, Bi Agata atatulia, lakini Samba alipona kabla hata barua haijavuka nyika, na mtu wa Mungu atakuwa amedanganya kwa mwandiko wake mwenyewe. Akiandika Nyambu, ni kweli tupu, lakini kule wataulizana, Nyambu ni nani? Na Samba je, alikufa? Mpaka barua ya kueleza ifike, Bi Agata atakuwa amemlilia mtoto wa pili. Akiandika mtoto wa Mwaluma, kwanza hajazaliwa, pili itambidi aeleze harusi, viporo na ugomvi wa viporo kwa wanawake wanaokunywa chai na kuomba.

"Ulisema maombi hayaozi," mkewe akamkumbusha.

"Nilisema hayaozi," akajibu Bwana Templa. "Sikusema yanajua njia."

Akachovya kalamu. Akaandika, Mpendwa Bi Agata, mtoto aliyepona anaitwa. Hapo kalamu ikasimama. Wino ukakauka. Akachovya tena. Ukakauka tena.

Je, jirani zangu, nani alistahili? Samba mwenye jina? Nyambu mwenye kikohozi? Au yule wa tumboni, ambaye baba yake alichelewa kwa wakati?

Msijibu kwa sauti! Nawaomba. Mama mkwe wangu, huyo aliyeko chumba cha pili na sikio ukutani, anatoka kwa wajukuu wa Saru. Mama yangu mzazi ni wa kwa Mkawasi, na hao wawili hawajamaliza kuongea habari ya blanketi lile mpaka leo. Na mume wangu, mnamjua, ni kitukuu cha Mwaluma. Nilimtuma dawa asubuhi. Sasa jua limezama, dawa haijafika, na huko bondeni nasikia kama ngoma.

Akichelewa tu, nitamwua. Akichelewa kwa wakati, sijui nitamwambia nini.

Sogeeni basi, mmoja mmoja, mninong'oneze jina moja sikioni kabla mtoto hajaamka. Jina moja tu. Naapa kwa pumzi ya mwanangu, sitamwambia mtu mwingine.