Kijiko cha Mzee Elineema

Sogeeni karibu. Aliyekuja kucheka leo atanisamehe, maana kisa hiki kimeninyima raha mimi mwenyewe, na nimechoka kukibeba peke yangu.

Milimani Upareni, kijiji cha Mkanyeni, palikuwa na ndugu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Nakijwa, dada mkubwa, alikuwa na mkono wa kuotesha. Hata fimbo ya kuchungia angeichomeka ardhini ingechipua. Eliapenda, wa kati, alikuwa na jicho lisilosahau. Alifanya kazi ya utarishi mahakamani miaka kumi na miwili, na kila kielelezo cha kesi kilichopita mezani alikikumbuka. Namkunda, kitinda mimba, alikuwa muuguzi, na wagonjwa walitulia akiwashika tu.

Baba yao, Mzee Elineema, alishikwa na saratani ya mifupa. Jamani, maumivu yale! Mtu mzima alilia mpaka majirani wakawa wanazungukia njia ya juu wasimsikie. Dawa ya mofini aliyokuwa akipewa hospitali ikaisha, na mvua ilikuwa imekata barabara. Wakaambiwa wasubiri wiki mbili.

"Wiki mbili?" Mzee akasema. "Basi chimbeni kaburi leo."

Tuanze na Nakijwa. Nyuma ya nyumba alikuwa na tuta la maua mekundu ya kupambia madhabahu. Mbegu alipewa na mgeni mmoja wa kanisani, kwenye bahasha isiyo na maandishi, akazipanda kama mtu anavyopanda mchicha. Hakujua ni nini. Lakini bila mkono wake, ua lisingekuwepo.

Halafu Eliapenda. Alikuja kumjulia baba hali, akapita nyuma ya nyumba, akaliona tuta lile, akainama kulichunguza ua moja.

"Dada, haya kakupa nani?"

"Yana nini? Mchungaji mwenyewe kayasifia."

"Ni maua ya afyuni haya! Sheria inakataza hata mche mmoja. Nimeona watu wakifungwa."

Nakijwa akashika jembe ayang'oe. Papo hapo baba akapiga yowe ndani. Eliapenda akamshika dada yake mkono. "Ngoja kwanza. Mofini inatokana na ua hilihili." Aliyeijua sheria kuliko wote ndiye aliyesema ngoja, na dada akaweka jembe chini. Bila jicho la Eliapenda, maua yangebaki pambo.

Mwisho Namkunda. Alipoambiwa, aliwafokea. "Mna wazimu? Chupa ya hospitali ina kipimo. Ua hili nani anajua lina nguvu kiasi gani? Likizidi kidogo tu, mtu anaacha kupumua!" Akaingia kwa baba, akakaa huko. Alipotoka alikuwa analia. Akaiandaa dawa ile anavyojua yeye. Vipi, sisemi, na msiniulize. Akamnywesha baba kwa kijiko, akihesabu pumzi zake. Bila yeye, hakuna ambaye angethubutu.

Siku tatu Mzee hakulia. Alikula makande, akamtania mkewe, Bibi Naetwe, ambaye haoni na hushikwa mkono hata kwenda uani. Siku ya tatu akamwita mdogo wake, Mbazi, akamwambia: "Shamba langu la tangawizi apewe yule aliyeniondolea maumivu. Mmoja. Msiligawe." Mzee mwenyewe hakujua ni nani, aliambiwa ni dawa tu.

Asubuhi ya nne hakuamka. Ni saratani, au ni kijiko cha mwisho? Namkunda hajui, na jambo hilo linamtafuna hadi leo.

Kwa uchungu, Nakijwa akafanya kosa. Aliyachuma maua yaleyale akamsukia baba yake shada la kaburini. Bwana shamba alikuwepo mazikoni, akayatambua. Kesho yake mchana polisi wakaingia uani, na walipoulizwa, ndugu wale wakaeleza yote, hadi kijiko.

Mkuu wao, Afande Mringo, akamtazama Bibi Naetwe. "Nikiwachukua wote watatu," akasema, "mama huyu atabaki na nani? Nitajieni mmoja, niandike mmoja."

Mbazi naye akasimama. "Na mimi nasubiri jina hilohilo. Aliyemwondolea kaka maumivu ndiye mwenye shamba."

"Ni mimi, baba mdogo," Nakijwa akasema. "Mimi ndiye niliyeotesha."

"Dada hakujua kitu," Eliapenda akadakia. "Mimi nilijua, nikanyamaza."

"Kijiko kilikuwa mkononi mwangu," Namkunda akasema. "Niandike mimi, Afande."

Bibi Naetwe akainua uso. "Mnamtafuta wa kumfunga au wa kumshukuru?"

Afande akafungua daftari lake.

Haya, semeni nyinyi. Na msiniambie wote watatu. Hilo ni jibu la mvivu, maana shamba ni moja na jina linalotakiwa ni moja. Nakijwa hakujua, mpaka siku alipoweka jembe chini. Eliapenda hakugusa ua wala kijiko, lakini bila neno lake wasingethubutu. Namkunda alijua hatari yote, na ndiye aliyesikia baba yake akivuta pumzi bila kulia.

Je, wewe ungeamua vipi? Na jina hilo ungeweza kulitamka pale uani, mama yao akikusikiliza?