Nguzo Iliyoumwa Tumbo

Hapo zamani za kale, sikilizeni watoto, wanyama walikuwa na mji wao, na mji wenyewe ulikuwa balaa tupu. Bwana Kiboko aliugeuza mfereji wa maji machafu kuwa kitanda chake. Basi kila mvua ikinyesha, maji yalikosa njia, yakaingia nyumbani kwa Bi Nguchiro. Watoto wake walilala juu ya kabati, wakikohoa.

Bi Nguchiro akaenda kwa Mzee Tembo, meya wa mji.

"Shikamoo, Mzee. Kiboko ameziba mfereji. Wanangu watakufa maji!"

"Marahaba. Subiri kidogo, mama. Naleta nguzo yenye akili! Itaufikiria mji mzima."

Nguzo ikaja, ndefu, ya bati, tupu ndani, na taa kichwani. Ikasimikwa sokoni. Wanyama wakakaa kuizunguka, wakisubiri ifikiri. Wakasubiri weee! Nyati akaifunika blanketi, isije ikashikwa na mafua.

Mawingu yakatanda. Nguchiro akawatazama wanawe, kisha akaitazama nguzo.

"Kumbe ni mpaka nguzo iseme? Haya, itasema!"

Akachimba chini kwa chini, chaka-chaka-chaka, akatokea ndani ya nguzo.

"Uuuwi! Tumbo langu!" nguzo ikalia.

"Imefikiri!" Tembo akapiga magoti kwenye tope. "Pole, ee Nguzo! Una nini?"

"Nimevimbiwa! Kuna kiboko amekwama kwenye utumbo wangu!"

"Kumbe utumbo wake ni mfereji! Kimbieni mferejini!" Tembo akapaza sauti.

Wakamkokota Kiboko, puu! Maji yakashuka, chwaaa! Mvua ikanyesha ikakoma, na nyumba ya Nguchiro ikabaki kavu.

"Unajisikiaje sasa, ee Nguzo?"

"Afadhali... chyaaa!" Vumbi lilimwingia Nguchiro puani, akapiga chafya. Bati likafumuka, pua yake ikachungulia nje.

"Ala! Kumbe ni wewe, mwongo mkubwa!"

"Mzee, maneno ni yaleyale. Nilipoyasema mlangoni pako, uliniambia nisubiri. Nilipoyasema ndani ya bati, ukapiga magoti."

Tembo akayatazama magoti yake, bado yana tope. Akaona haya kwelikweli. Akaagiza nguzo itobolewe mlango, kila mwenye shida aingie aseme, naye atasikiliza.

Wa kwanza kuingia alikuwa Kiboko, kukililia kitanda chake. Akakwama humo, na mpaka leo wanamsukuma.

Mji haupati akili mpaka uwe na masikio.