Profaili Mbili za Mwenye Steshenari

Wapendwa, leo nasema habari za kompyuta, na nyie vijana msinicheke. Nikikosea mtanisahihisha huko nje.

Palikuwa na bwana mmoja mwenye steshenari, mzee wa kanisa, mtu wa watu. Kompyuta yake ilikuwa moja, lakini kwenye brauza, ile programu ya kuingilia mtandaoni, alikuwa na profaili mbili. Yaani mashine ni ile ile, ila kila profaili ina dirisha lake na jina lake, na hii haijui ya mwenzake. Si dhambi, wengi hufanya hivyo ili kazi zisichanganyike. Ya kwanza ilikuwa na jina lake halisi. Matangazo yote ya kwaya aliyatuma kwa hiyo kwenye ukurasa wa kanisa mtandaoni, na chini anaongeza, "Mbarikiwe sana." Ya pili aliipa jina la bandia, Msema Kweli, na kwa jina hilo alikuwa akimchamba mwalimu wa kwaya kwenye ukurasa ule ule. Eti hajui muziki, eti ana upendeleo.

Miezi ikapita, mwalimu akachoka. Mchana mmoja akaingia steshenari, maana huyu bwana alikuwa rafiki yake.

"Ndugu yangu, nitolee tangazo. Naacha kwaya. Sijui nani ananichukia hivi, na nikisimama mbele yao nawashuku wote."

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Ungesema, au ungekaza uso? Yeye alikaza uso, akaandika. Madirisha yote mawili yalikuwa wazi, na kwa ile aibu akabofya sipo. Tangazo likatokea: "Wapendwa, naaga kwaya." Juu yake jina: Msema Kweli.

Mwalimu akainama kwenye kioo, akasoma. "Mbona maneno yangu yana jina la huyu?"

Yule bwana akasema, "Ni mimi. Binti yangu hukumpa kuongoza wimbo wa Pasaka, nikaumia."

Mnangoja ngumi, eh? Mwalimu alivuta stuli, akakaa, akashusha pumzi.

"Kumbe ni wewe tu? Mimi nilidhani ni kanisa zima. Wewe naweza kugombana nawe yakaisha. Binti yako ana sauti nzuri, ila mazoezini anakuja anavyojisikia. Si ungeniuliza?"

Yule bwana machozi yakamtoka. Akashika kipanya aifute ile profaili palepale. Mwalimu akamzuia mkono.

"Subiri kwanza. Anza kufuta tangazo langu la kuaga."

Sasa sisi. Kwa nini tunajificha? Tunaogopa kwamba siku tukijulikana, tumekwisha. Haya, angalieni basi. Miezi yote ile mwalimu alikuwa na msamaha moyoni, na hakuwa na wa kumpa. Angempa nani? Msema Kweli hayupo. Hana mkono wa kushikwa, hana binti wa kuulizwa habari zake. Aliyesamehewa ni yule bwana, na alisamehewa siku alipokosa pa kujificha.

Ndugu yangu, humu ndani pengine kuna mtu anawashuku watu wote kwa sababu yako peke yako. Mfuate leo, kwa jina ulilobatizwa nalo, kabla hajaaga.