Mkwe katika Kucha za Furukombe

Tegeni masikio, waungwana; ngano imebisha hodi.

Zimwi lilimgeuza Fumo, bwana harusi, kuwa samaki. Likamwambia Bi Mwanashehe, mama wa bibi harusi, "Mtambue kati ya samaki wa hori hii ya bahari. Ukikosea, namla."

Bi Mwanashehe akamsihi furukombe, ndege avuaye kwa kucha. Furukombe akajitosa, akapita na samaki mbele ya Bi Mwanashehe, kichwa cha samaki kikielekea mbele kama ilivyo ada ya ndege huyo.

"Siye," akasema Bi Mwanashehe.

Akajitosa tena.

"Siye huyu naye."

Mara ya tatu, samaki alipomwona Bi Mwanashehe, alijipinda akaficha uso.

Bi Mwanashehe akacheka. "Ndiye. Ananionea haya, mimi mkwewe."

Papo hapo Fumo akawa mtu, akaangukia majini.

"Shikamoo, mama," akasema, akiwa amempa kisogo.

Zimwi likaondoka na njaa yake, nasi tukaenda harusini.