Mafiga Yasiyosahau Moto

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nini?
— Pakawa uwanja mweupe, na wa kuuchafua!

Hapo kale, huko Mwezini, aliishi binti akiitwa Mbalamwezi. Uwanja wake ulikuwa mweupe pe! Mama yake aliupaka chokaa tangu ujana wake, na alipokuwa akikata roho alisema, "Mwanangu, tunza moto. Ukiwaka, Upepo hapiti."

Upepo mwenyewe ni kijana wa Mzee Jua. Huyo hajui hodi! Huja mbio na masizi mikononi, apake kila agusacho. Lakini moto wa jikoni kwa mama ulizungusha ua usioonekana. Upepo akija, anasukumwa. Akirudi, anasukumwa. Akirudi tena, anasukumwa.

Basi kuni zikaisha, moto ukafifia, ukazimika. Jirani, Bi Dunia, alikuwa na moto tele, ila Mbalamwezi aliona haya kuomba hata kaa moja. Jamani, haya ya nini? Moto si huombwa kwa jirani?

Upepo akaja, mpole kama mkwe mpya, akichelea moto usije ukawashwa tena. "Pole, dada. Mafiga baridi ndani ya nyumba ni nuksi. Yatupe."

Mbalamwezi akaamini. Akatupa figa la kwanza huku, la pili kule, la tatu kule mbali uwanjani.

Upepo akacheka, akaingia, akapaka masizi. Binti akafagia, wapi! Akaosha, wapi! Kazi yote ya mama ilikuwa ikipotea mbele ya macho yake.

Mara Upepo akakwama. "Nani ananisukuma?" Akapinda kushoto, akapinda kulia, masizi yakarundikana pembeni. Mbalamwezi akasogea kutazama. Lo! Figa la mama, na chokaa iliyolizunguka ni nyeupe vilevile. Kwenye la pili, vilevile. Kwenye la tatu, vilevile.

"Moto si umezimika?" Upepo akafoka.

"Umezimika. Lakini mawe haya yalikaa nao miaka mingi. Hayajausahau."

Akataka kuyarudisha jikoni, yakagoma kung'oka. Nanyi mwajua, figa moja haliinjiki chungu. Ua mzima haukurudi tena.

Mbalamwezi akaketi kwenye kipande kimoja cheupe, kisichozidi mkeka, akalikumbatia jiwe.

"Mimi nilikutupa, mama," akalia. "Wewe hukunitupa."

Chungu nimekiepua, hadithi nimeipakua. Mwenye sikio na ale, na makoko mwachieni Upepo.