Mtaa wa Nyumba Arobaini Zisizo na Baraza

Alikuwako Sultani Mundhiri bin Yarubi, mwenye enzi ya mji wa Shamsani, na asiyemjua na amjue leo: alikuwa mwungwana wa kauli na mvivu kidogo wa vitendo, na katika ufalme wake mtaa mzima wa wafumaji ulikuwa umegeuka magofu, kuta zimelala na paka wametawala. Familia kumi na mbili tu ndizo zilizobaki humo zikifuma vikoi, na miongoni mwao alikuwamo mjane kijana, Bibi Ruzuna binti Khalfani.

Siku moja akaingia diwani tajiri aitwaye Rubea bin Masudi, akainama na kusema, "Bwana wangu mtukufu, ardhi ni yako na mali ni yangu. Nipe mtaa ule niujenge upya kwa mali yangu yote, na kodi zake tugawane, wewe upate mji na mimi nipate jina."

Sultani akajibu, "Maneno yako ni matamu, Rubea, na matamu nayaogopa. Ardhi nimekupa. Lakini ukitimia mwaka na nyumba zikawa tupu, mali yako itaingia hazina, nawe utatoka Shamsani kwa miguu yako." Kadhi akaandika, na mihuri ikapigwa.

Rubea alikuwa na pete aliyorithi kwa babu yake, na alipoisugua akatokea jini Kaharabu, kilemba chake kikigusa dari, akauliza amri.

"Nijengee nyumba arobaini za ghorofa, na milango ya nakshi," akasema Rubea. "Na baraza usijenge hata moja, maana baraza hukalisha wavivu. Kila shibiri ya ardhi iwe ndani ya ukuta, ipangishwe."

Jini akataka kusema neno, kisha akalimeza, kwani majini wa pete hawaulizwi ushauri. Wafumaji wakaondolewa na vitanda vyao vya mfumi, wakahamia vibanda vya makuti nje ya lango la mji. Mimi nasema ilikuwa dhuluma, na Rubea mwenyewe baadaye alisema hivyo hivyo. Kwa siku saba nyumba zikasimama, na matajiri wakazigombania hata zikajaa.

Lakini mji una ada zake. Mgeni wa mwungwana haingizwi ndani penye wake na mabinti kabla hajakalishwa barazani akanywa kahawa, na sasa wageni walipiga hodi, wakaitikiwa, wakabaki wamesimama juani, na mwisho wakaacha kuja. Muuza kahawa akapita mara mbili na birika lake, asione pa kulitua, akahamia kwingine. Kisha akafariki Mzee Sinani wa nyumba ya tisa, na watu mia wakaja msibani wakasoma hitima wamesimama njiani, wazee wameegemea kuta, na mwanawe akalia kwa aibu zaidi ya kwa msiba. Baada ya siku hiyo wapangaji wakaanza kufunga virago, na mwezi wa kumi na moja ulipoingia zilibaki nyumba tatu zenye watu.

Rubea akashikwa na hofu, akaisugua pete. "Bomoa kuta za mbele, uweke baraza."

"Bwana wangu," akasema Kaharabu, "niliapa kujenga, kubomoa sikuapa. Hiyo ni kazi ya mikono ya wanadamu."

Basi Rubea akatoka nje ya lango, akawakuta wafumaji wameketi juu ya magogo mbele ya vibanda, kahawa inazunguka na mazungumzo yamenoga. Hata katika ufukara ule walikuwa wamejifanyia baraza, na moyo ukamuuma.

"Bibi Ruzuna," akasema, "nilidhani mtaa ni kuta. Naomba radhi, na naomba mrudi. Nyumba kumi na mbili nitaziandika wakfu kwa kizazi chenu. Nisaidieni kubomoa."

"Umekuja kwa sababu umetubu, Bwana Rubea, au kwa sababu mwaka unaisha?"

"Nilipoondoka nyumbani ilikuwa kwa sababu ya mwaka. Sasa sijui."

"Angalau hukusema uongo. Nenda ukamwombe Sultani dhiraa moja ya njia mbele ya kila nyumba, nawe utoe dhiraa moja ya vyumba vyako. Baraza ikiwa nusu yake na nusu yako, hapana hata mmoja kati yenu atakayeweza kumfukuza mtu."

Sultani akacheka, na akatoa. Wakabomoa siku ishirini na tisa, Rubea akibeba mawe kwa mabega yake, na jini, kwa kuwa kujenga ndicho kiapo chake, akajenga baraza nyuma yao na kuzipaka chokaa bila kuamrishwa. Wafumaji wakarudi, wanunuzi wa vikoi wakawafuata, muuza kahawa akatua birika, na kabla ya mwaka kutimia hapakuwa na nyumba tupu. Sultani akaja kwa miguu kukagua, akaketi kidogo, na mawaziri wakamngoja ikuluni hadi alasiri.

Rubea akatajirika mara mbili, akapeleka posa kwa Ruzuna.

"Nimesikia," akasema Ruzuna kutoka nyuma ya mlango. "Kaa hapo nje kwanza, majirani wakuzoee."

Akakaa barazani miezi saba, yeye aliyesema baraza ni ya wavivu, akajua jina la kila mtoto wa mtaa na ugonjwa wa kila mzee, na mwezi wa nane mlango ukafunguliwa, wakaozwa na kadhi, wakaishi kwa raha na mapenzi. Basi ewe msikilizaji, ukijaaliwa kujenga mji, anza na mahali ambapo mtu ataketi asiulizwe amekuja kununua nini.